Redio Gani kwa Gari la Kale? Hesabu za Kampala

Ukitaka kujua gari la kale la Kampala limepita mikononi mwa watu wa aina gani, acha injini kwanza. Tazama tundu la redio. Kwenye Peugeot 504 iliyokaa mjini miaka arobaini na zaidi utaona alama za vifundo viwili vya redio ya kwanza, kisha ukingo uliokwanguliwa kwa tupa ili deki ya kanda iingie, kisha matundu ya skrubu za deki ya CD, na kwa zile zilizokosa bahati, pengo lililokatwa kwa grinda ili kioo cha inchi saba kipate pa kukaa. Injini hufumuliwa ikarudishwa. Bodi hupigwa rangi upya. Lakini dashibodi ya mwaka 1975 ikishakatwa imekatwa, na ile ya mtumba utakayoiokota soko la Kisekka mara nyingi nayo ilikwisha kupita kwa mwenye grinda.

Kwa hiyo redio, ambayo wenye magari huiweka mwisho wa orodha baada ya kabureta, breki na viti, ndiyo inayoacha makovu yasiyofutika. Tena ushauri mwingi unaopatikana kuhusu jambo hili umeandikwa kwa ajili ya mtu wa Birmingham au Stuttgart, ambaye masafa yake si yetu na gari lake hutolewa gereji Jumapili, jua likiwaka. Gari la kale la Kampala kwa kawaida lina kazi. Hubeba maharusi, huenda Masaka na kurudi, husimama kwenye foleni ya Wandegeya saa kumi na moja jioni sawa na gari lingine lolote. Hesabu za kulichagulia redio ni nyingine, na zinaanzia hewani kabla ya kufika kwenye dashibodi.

Gari lililouzwa Uganda katika miaka ya 1960, kama lilikuwa na redio hata kidogo, lilikuwa na redio ya mawimbi ya kati. Zile za Uingereza zilikuja pia na mawimbi marefu, ambayo Afrika Mashariki hayakuwa na kazi yoyote. Baadhi ya zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto ziliongezewa mawimbi mafupi ili mwenye gari aipate London akiwa njiani. Zama hizo habari zilikuwa na mlango mmoja, Radio Uganda. Huko ndiko tangazo la wanajeshi waliompindua Rais Obote lilikosikika tarehe 25 Januari 1971, na huko ndiko Waasia walikosikia, Agosti ya mwaka uliofuata, kwamba wamepewa siku tisini kuondoka. Kifundo kimoja cha kuwasha na kuongeza sauti, kingine cha kutafuta: hakukuwa na haja ya zaidi.

Mambo yaligeuka kati ya mwisho wa mwaka 1993 na mwanzo wa 1994, Sanyu FM na Capital Radio zilipoanza kurusha matangazo na kuvunja ukiritimba wa serikali. Mwaka 1996 ufalme wa Buganda ukaanzisha CBS. Leo chochote anachokitafuta dereva wa Kampala, iwe mjadala wa siasa kwa Kiganda, mahubiri, mpira wa Uingereza au taarifa ya foleni, kiko kwenye FM, kati ya 87.5 na 108. Matokeo yake ni kwamba redio halisi ya Morris Minor ya mwaka 1962 ni pambo. Inaweza kuwa nzima, taa yake ya manjano ikawaka, mshale ukatembea vizuri juu ya majina ya miji ya Ulaya, na bado isikupe unachokitaka. Anayeng'ang'ania uhalisi kamili lazima akubali kimya. Anayetaka kusikia lazima alete kitu cha baadaye ndani ya gari la zamani, na swali linabaki ni wapi akiweke na akifunge vipi.

Lakini kabla ya kufika hapo kuna mitego ya masafa, na wa kwanza umetoka Japani. Magari mengi yanayoingia Uganda ni mitumba ya huko, na redio zake zikichomolewa hujaa kwenye meza za Kisekka kwa bei inayovutia. Ni redio imara, nyingine zina sauti nzuri kuliko mpya za bei ya kati. Lakini FM ya Japani ilipangwa kati ya 76 na 90. Ukiifunga redio hiyo Kampala utazipata Akaboozi kwenye 87.9, Sanyu kwenye 88.2, CBS kwenye 88.8 na 89.2, na Radio One pale ukingoni kabisa, 90.0. Baada ya hapo namba inarudi 76. Capital kwenye 91.3 haipo, KFM kwenye 93.3 haipo, Simba kwenye 97.3 haipo. Septemba 2009 serikali ilipozifungia CBS na Akaboozi kwa sababu ya ghasia za mwezi huo, mwenye redio ya Kijapani alibaki na kichaka kidogo sana cha kujificha.

Muuzaji anayeijua biashara yake hatakuonyesha 97.3. Atachomeka flashi, aongeze besi, akuambie, "Ssebo, hii ni orijino ya Japani, sikiliza mwenyewe." Mwombe aipeleke Simba. Ikikwama kwenye 90, ataleta ekspanda, kile kijisanduku kinachofungwa kati ya antena na redio ili kuyashusha masafa yetu yaingie kwenye dirisha la Kijapani. Hesabu yake haikubali. Dirisha la Japani lina upana wa megahezi 14, letu lina 20.5. Vyovyote utakavyolishusha, kuna kipande kitakachobaki nje, na namba inayosomeka kwenye kioo haitakuwa ya stesheni unayoisikiliza. Redio za Kijapani za miaka ya karibuni hufika 95, hivyo zinabana kidogo tu, lakini bado zinabana. Isitoshe, ekspanda ya bei rahisi haichuji. Ukipita karibu na Kololo, ambako minara imesongamana kilimani, nguvu za stesheni zinazojirundika huifanya ichanganye sauti mbili tatu kwa pamoja. Kwenye gari la mwaka 2005 mtu anaweza kuvumilia. Kulifungia gari la kale kitu cha namna hiyo ni kununua tatizo.

Mtego wa pili ni wa Marekani, na huu haujulikani sana. Redio iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huruka kwa hatua za sehemu mbili za kumi, tena kwa namba witiri tu: 88.1, 88.3, 88.5. Hivyo itaipata Capital kwenye 91.3 bila taabu, na Simba, na KFM, lakini Sanyu kwenye 88.2 na Radio One kwenye 90.0 zinaangukia katikati ya hatua mbili, zinasikika kwa mikwaruzo au hazisikiki. Tofauti na ya Japani, hii kwa kawaida inatibika: redio nyingi za kisasa zina menyu ya kuchagua eneo, na ukiiweka Ulaya hatua zinakuwa ndogo na namba shufwa zinarudi. Kosa ni kununua bila kuuliza kama menyu hiyo ipo. Wanaoagiza kutoka Marekani redio zenye sura ya kizamani, na zipo nyingi, waulize kwanza.

Na kuna kitu cha kukataa kulipia. Ulaya wanahamia redio ya kidijitali ya DAB. Norwe ilizima FM ya kitaifa mwaka 2017. Ndiyo maana redio bora zenye sura ya zamani zinazotengenezwa leo kwa soko la Ulaya, kama ile Blaupunkt Bremen inayoiga sura ya miaka ya 1980, hutangazwa kwa DAB yake kabla ya kitu kingine. Ni redio nzuri, na uso wake unaikaa Mercedes ya zama hizo kana kwamba ilitoka nayo kiwandani. Lakini stesheni za Kampala ziko FM, na ile DAB utakayoilipia itakaa humo bila kazi. Kama unaipenda sura yake, nunua kwa sababu ya sura, ukijua hivyo.

Tukitoka hewani tuingie kwenye umeme, na hapa ndipo mambo yanapowaka moto, wakati mwingine moto wenyewe. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa ethi chanya: ncha chanya ya betri imeunganishwa na bodi. Land Rover ilibadilika mwaka 1967. Redio yoyote ya kisasa inadai ethi hasi, na kasha lake la chuma limeungwa na hasi. Ukiiskrubu kwenye dashibodi ya Land Rover ya mwaka 1963 ukaunga waya wake mwekundu na ule unaoonekana una umeme, umeshafunga shoti, na utashukuru kama fyuzi ndiyo itakayokatika kwanza. Fundi kijana aliyejifunzia kwenye Toyota Premio hana sababu ya kulifikiria jambo hili, hajawahi kuliona. Kazi ya kumwambia ni yako.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuligeuza gari lote liwe ethi hasi. Si kazi kubwa kama inavyotisha: betri inageuzwa na vichwa vya nyaya kubadilishwa kwa kuwa ncha chanya ni nene kuliko hasi, nyaya mbili ndogo za koili zinabadilishana mahali, mita ya ampea inageuzwa, na dainamo inaguswa kwa sekunde moja kwenye waya wake wa fildi, baada ya kuutenganisha na regyuleta, ili ipate mwelekeo mpya wa usumaku. Starta haijali. Waipa nyingi za zamani hazijali. Pampu ya umeme ya petroli ichunguzwe kabla, kwani baadhi zina daiodi ndani inayojali sana. Dawa ya pili ni kuliacha gari lilivyo na kuilisha redio kupitia kigeuzi cha umeme kinachotenganisha kabisa ethi ya kuingilia na ya kutokea, kisha redio yenyewe ikafungwa ndani ya plastiki au mbao isiguse chuma cha gari popote, antena yake ikiwemo. Mimi ningeligeuza gari. Ni kazi inayorudishika kwa nusu saa, na inakuondolea hatari ya fundi ajaye ambaye hajui siri ya kile kigeuzi.

Volkswagen Beetle za kabla ya 1967 nyingi zina ugonjwa mwingine: volti 6. Kipo kigeuzi cha kupandisha 6 kuwa 12, lakini umeme haupatikani bure. Redio inayokula ampea 5 kwenye volti 12 itadai zaidi ya 10 kwenye 6, na dainamo ya Beetle ya wakati huo ilikuwa na kazi ya kutosha kuwasha taa zake tu. Kwa gari hilo chagua kitu kidogo kabisa, chenye amplifaya ndogo, au ulibadilishe gari liwe la volti 12, jambo ambalo wengi wameshalifanya kwa sababu zisizohusu redio.

Hata magari ya volti 12 hayana umeme wa kuchezea. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi madogo ya Uingereza ya zama hizo, kilele chake ni ampea 22, na hicho ni kilele cha barabara kuu. Injini ikiwa inanguruma polepole kwenye foleni ya Jinja Road, haitoi kitu. Piga picha jioni ya mvua ya Aprili: taa za mbele, waipa, koili, taa za breki ambazo mguu hauziachi, yote yananyonya betri. Ongeza redio iliyoandikwa "Wati 200" na amplifaya chini ya kiti, na asubuhi utaomba kusukumwa. Yale maandishi ya wati, kwa njia, hayana haja ya kuaminiwa. Geuza redio uitazame fyuzi mgongoni. Ikiwa ni ya ampea 10, basi chombo hicho hakiwezi kumeza zaidi ya wati 140 hivi, na hakiwezi kutoa zaidi ya kinachomeza. "4 x 50" ikipimwa kwa uaminifu hubaki wati ishirini hivi kwa kila spika, ambazo kwa chumba cha Ford Anglia ni nyingi mno.

Kuna kosa moja dogo linaloua redio mpya nyingi katika magari haya, na huwa halitajwi dukani. Zamani spika ilikuwa na waya mmoja tu kutoka redioni. Ule mwingine ulifungwa kwenye bodi ya gari. Redio ya kisasa hutoa umeme wa spika kwa nyaya zote mbili, na hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kugusa bodi. Fundi akikuta waya mmoja unakuja kwenye spika ya mlangoni na mwingine umeskrubiwa kwenye chuma, akaiunga redio mpya hivyohivyo, sauti inaweza kutoka siku mbili kisha sakiti ya kutoa sauti ikaungua. Mwenye gari atailaumu China. Pitisha nyaya mpya, mbili kwa kila spika, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni gharama ndogo kuliko zote katika kazi hii, na ndiyo inayorukwa.

Mngurumo nao una chanzo. Mlio unaopanda na kushuka na injini unatoka kwenye dainamo au altaneta. Mikwaruzo inayofuata plagi inatoka kwenye nyaya za plagi za shaba tupu na koili. FM huathirika kidogo kuliko mawimbi ya kati, lakini Bluetooth na chaja ya simu zikiingia, mlio hupata njia mpya, kwa sababu simu inachajiwa na kutoa sauti kwa ethi ileile. Kapasita kwenye koili, nyaya za plagi zenye ukinzani, na ethi nzuri ya redio iliyokwanguliwa rangi hadi chuma kitupu: hayo matatu humaliza mengi. Fundi anayekimbilia kuuza kichujio kabla ya kukwangua ethi anauza kichujio.

Sasa mahali pa kuiweka, ambapo ladha ya mwenye gari inaingia, na mimi pia nina yangu. Magari ya kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 ndiyo mepesi. Mercedes W123 ina nafasi ya kipimo cha Kijerumani, milimita 180 kwa 50, ambacho baadaye kilikuwa kipimo cha dunia nzima. Redio ya kisasa ya ukubwa huo inaingia bila kugusa kitu. Hapo swali linabaki la uso tu, na jibu langu ni kutafuta iliyo nyeusi, yenye taa ya rangi moja inayofanana na taa za mita, isiyo na samaki wanaoogelea kwenye kioo. Ziko zinazotengenezwa kwa makusudi hayo, Continental kwa mfano hutoa moja yenye taa ya rangi ya machungwa. Zisipopatikana, redio nyeusi ya kawaida ya chapa inayoeleweka, iliyopunguzwa mwanga, haitamchukiza mtu. Ikiwa uso wake unachomoka, ni heri zaidi, maana milango ya gari la kale haimsumbui mwizi.

Magari ya vifundo viwili, Datsun 1200, Toyota za mwanzo wa miaka ya 1970, 504 za awali, yanahitaji akili zaidi. Zipo redio mpya zenye vifundo viwili ambavyo nafasi kati yao hurekebishwa ili kuingia kwenye matundu ya zamani bila kukata. Zinaagizwa nje, bei yake si ya kuchezea ukijumlisha usafiri na kodi, na ndani yake mara nyingi hakuna kilicho bora kuliko redio ya kawaida, unalipia uso. Kwa gari ambalo redio yake ya kwanza ilishapotea, na tundu halijakatwa, naona ni gharama inayoeleweka.

Lakini kwa gari ambalo redio ya asili bado imo, hata kama imekufa, ushauri wangu ni mmoja: iache mahali pake. Funga ya kisasa pasipoonekana. Kuna amplifaya ndogo zenye Bluetooth zilizotengenezwa kwa ajili ya boti na pikipiki, hazijali maji wala vumbi, zinakaa nyuma ya sanduku la glovu au chini ya kiti. Kuna redio zisizo na uso kabisa, zinazoongozwa kwa rimoti ndogo. Kuna redio ya kawaida iliyofungwa ndani ya sanduku la glovu lenyewe, ukifunga mlango haipo. Njia hizi hazikati kitu, na mwenye gari ajaye akitaka kuzitoa, anazitoa kwa bisibisi.

Hapa lazima niwajibu wanaosema redio ni ya nini siku hizi, simu inatosha. Kwa muziki inatosha, na kanda za mwimbaji Paulo Kafeero zilizochakaa ziko kwenye simu leo zikiwa safi kuliko zilivyokuwa. Kwa redio yenyewe, hapana. Tangu Julai 2021 Uganda inatoza kodi ya asilimia 12 kwenye data, na anayesikiliza CBS kwa intaneti kutoka Entebbe hadi Mukono anakatwa bando kwa kitu kinachopita hewani bure juu ya kichwa chake. Kifaa cha kufichwa kiwe na FM ndani yake, si Bluetooth peke yake. Na vile vidude vya kuchomeka kwenye tundu la sigara vinavyorusha sauti ya simu kwa FM, Kampala vinahangaika kupata nafasi tupu katikati ya stesheni zilizobanana. Jambo la kuchekesha ni kwamba redio ya Kijapani ndiyo ingevifaa, kwa kuwa kati ya 76 na 87 hakuna stesheni yetu hata moja. Ila vidude vingi havishuki huko.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kuitoa redio ya zamani matumbo na kuiachia uso. Kasha la chuma, vifundo, kioo na mshale vinabaki. Ndani inaingia bodi ndogo ya FM inayopokea hadi 108, bodi ya amplifaya na ya Bluetooth, vipande vinavyouzwa kwa mafundi wanaotengeneza sabwufa za nyumbani. Kifundo cha zamani cha sauti kinaendelea kuongeza sauti, cha kutafuta kinatafuta. Uingereza kuna wanaoifanya kazi hii kwa kulipwa vizuri. Kampala wako mafundi redio wanaoiweza, na mtaa wa Katwe haujawahi kukosa mtu wa kutengeneza bamba au kijishafti kinachokosekana. Masharti ni mawili. Matumbo ya zamani yawekwe kwenye boksi, yasiuzwe chuma chakavu, kwa sababu siku moja mtu atayataka. Na kama redio ya asili bado inafanya kazi, usiiguse matumbo: kuna njia ya upole zaidi, ya kuingiza sauti ya bodi ndogo kwenye kifundo cha sauti kupitia kapasita, na swichi ya kuchagua, ili amplifaya ya zamani ndiyo iimbe. Sauti inayotoka ni nene, yenye joto, na ni moja tu, haina kushoto wala kulia. Wanaopeleka magari Nairobi kwenye Africa Concours d'Elegance, pale Ngong Racecourse, ambako majaji hufungua mlango na kuingiza kichwa ndani, watafurahi kwamba hakuna kitu ambacho majaji hao wanaweza kukiona.

Kioo kikubwa cha kugusa sitakitetea. Najua hoja: gari ni la kutumika, si la makumbusho, na ramani ni muhimu. Simu kwenye kishikio inaonyesha ramani ileile na unaingia nayo nyumbani. Kioo kinadai tundu la milimita 180 kwa 100 ambalo gari la 1970 halina, kinang'aa usiku kuliko mita zote, na kila anayepita dirishani anajua kimo.

Spika zenyewe hazihitaji maneno mengi. Milango isikatwe. Spika moja nzuri mahali pa spika ya zamani chini ya dashibodi, na mbili ndani ya masanduku ya mbao nyuma ya viti, zinatosha. Anayeona hazitoshi anataka disko. Antena iwe ya fimbo ndefu, na kitako chake kiguse chuma kisicho na rangi. Mji wa vilima una mabonde ambako wimbi hufika limechoka, na antena za kubandika kwenye kioo hazilisaidii.

Yako pia magari ambayo jibu lake ni kutofunga kitu. Land Rover ya miaka ya 1960 haikutengewa mahali pa redio, na kwa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Masaka, gia zikilia, upepo ukipita kwenye viungo vya milango na turubai likipiga, hakuna spika itakayosikika bila kumuumiza abiria. Mwenye gari la namna hiyo anunue redio ya kuchaji yenye FM na mkanda wa kuifungia kwenye kiti cha katikati. Haijali ethi ni chanya au hasi, haigusi dainamo, na gari likiegeshwa inaingia mfukoni au kwenye kikapu pamoja na ndizi za Lukaya.